Filta na njia ya hewa kwenye Subaru ya tabo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wakuu, haya maswali yanajirudia kila wiki kwahiyo nimeyakusanya sehemu moja. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa eksozi na kusukumia injini hewa ya ziada. Naongelea zaidi Impreza WRX na STI za injini ya EJ20 pamoja na Forester za tabo maana ndo zimejaa mtaani kwetu, ila wenye Toyota Altezza na Mark X zisizo na tabo na nyie mna swali lenu huko chini.

Nikibadilisha filta tu gari itaongeza nguvu kiasi gani?

Kidogo sana, na mara nyingi ukiwa kwenye kiti hutaisikia. Kama filta uliyotoa ilikuwa imejaa tope na hujaigusa tangu gari ishuke bandarini, hapo utaona tofauti kubwa, lakini hiyo tofauti imetokana na usafi, hata ile ya karatasi ya kawaida ikiwa mpya ingekupa karibu hiyohiyo.

Sababu iko hivi. Kwenye Subaru ya tabo kontroo boksi (kompyuta ya injini) ndo inaamua busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo) iende hadi wapi, inafungua na kufunga westigeti (kimlango cha kupitishia moshi pembeni ya tabo) mpaka ipate kiwango ilichopangiwa. Ukiirahisishia tabo kuvuta hewa, itafika kwenye kiwango kilekile ila kwa kutumia nguvu pungufu na pengine mapema kidogo. Haitavuka hapo kwasababu hakuna aliyeiambia ivuke. Kwahiyo anayekuuzia filta na kukuahidi hosipawa 30, mwambie aifunge kwenye gari yake kwanza.

Hivi injini inavuta hewa kiasi gani mpaka tuhangaike na filta?

Nyingi kuliko unavyodhani. EJ20 ina sisi (cc) 1994, ni injini ya mipigo minne ya pistoni, maana yake kila inapozunguka mara mbili silinda zote zimeshavuta mara moja. Chukua hesabu ya haraka, resi 6000 kwa dakika ni karibu lita 6000 za hewa kila dakika, hapo bila tabo. Weka busti ya bar 1 inakaribia mara mbili, kama lita 12,000 za hewa ya nje zinapita kwenye kale kakitu unakokanunua Kariakoo kwa kubembeleza bei.

Au iangalie kwa upande wa mafuta. Petroli inataka uzito wa hewa mara 14.7 ya uzito wake ili iungue sawasawa, kwahiyo lita moja ya petroli inaondoka na takriban lita 9000 za hewa. Ukijaza lita 50 Morogoro ukaziendesha mpaka ziishe, injini imemeza lita kama 450,000 za hewa ya barabarani pamoja na vumbi la kila lori ulilolifuata nyuma. Ndo maana mi swali langu la kwanza kuhusu filta huwa inazuia nini, halafu ndo inapitisha kiasi gani.

Uyoga wa wazi au boksi la kiwandani, lipi bora?

Hapa watu wanagombana sana lakini kwa barabara zetu na joto letu jibu langu ni boksi la kiwandani, labda uwe umeshaongeza tabo kubwa.

Uyoga ni ile filta ya duara inayokaa wazi ndani ya boneti. Inapitisha hewa vizuri, hilo halina ubishi. Tatizo ni hewa gani inayopitisha. Ndani ya boneti ya Subaru kuna eksozi, kuna tabo yenyewe inayowaka kama jiko, kuna redieta, na ukikwama foleni ya Ubungo saa nane mchana hewa ya humo ni ya moto kweli. Hewa ikipanda nyuzi 10 inapungua uzito kama asilimia 3, na hewa nyepesi ni nguvu pungufu, juu ya hapo hewa ya moto inaifanya injini iwe rahisi kugonga (petroli kulipuka yenyewe vibaya ndani ya silinda) na kontroo boksi ikisikia kugonga inarudisha nyuma taiming (muda wa plagi kupiga cheche). Unaweza ukawa umelipa hela ili gari iwe nzito.

Boksi la kiwandani linavuta hewa kutoka mbele juu ya redieta, hewa ambayo haijapita kwenye injini. Wajapani hawakuwa wajinga pale. Wakati mwingine kinachobana ni ile chemba ya kunyamazisha mlio inayokaa ndani ya fenda, wengi wenye WRX za 2000 hadi 2007 wanaitoa na kuacha boksi lilivyo, haigharimu kitu zaidi ya muda wa kufungua plastiki za ndani ya tairi na mlio unasikika kidogo zaidi.

Kama bado moyo uko kwenye uyoga basi uwekewe kizuizi cha joto, yaani bati au plastiki ngumu inayoziba pande zote na kugusana na mpira wa boneti ikifungwa, na kuwe na njia ya hewa ya nje inayoingia humo. Kale kakipande kadogo ka bati kanakozunguka nusu ni pambo tu.

Gari yangu imekuja kutoka Japani ikiwa na uyoga tayari, niuache?

Kwanza jua ni uyoga wa kampuni gani. HKS ile yenye umbo la uyoga kabisa ni ya sponji, na sponji ina umri. Gari imekaa yadi miaka, imesafiri melini, imekaa bandarini, sponji inakauka na kuanza kumeguka ukiiminya kwa vidole, na vipande vikimeguka vinaelekea kwenye tabo. Ile sponji inauzwa peke yake, unabadilisha, usiioshe kwa sabuni ukidhani imekuwa mpya. Blitz zile za kung'aa ni za wavu wa chuma, zinadumu na zinapendeza kwa macho lakini kwa vumbi laini la barabara ya udongo mi siziamini hata kidogo. Zimetengenezewa lami ya Japani. Apexi ni kavu na hiyo angalau inafanana na filta unayoijua.

Pili, muulize aliyekuuzia kama boksi la kiwandani lilikuja ndani ya buti. Mara nyingi halipo. Tafuta la yadi za spea za Japani, hakikisha lina klipu zake zote maana klipu moja ikikosekana mfuniko haukai na hewa inapita pembeni ya filta bila kuchujwa.

Filta za kuosha na kupaka oili vipi, si zinaokoa hela?

Zile za pamba ambazo K&N, kampuni iliyoanzia California mwaka 1969, wamezifanya ziwe maarufu duniani. Zinafanya kazi, zinadumu, lakini zina masharti mawili ambayo watu wetu hawayafuati.

La kwanza, unaosha na dawa yake, unaacha ikauke yenyewe kivulini kabisa kabisa, ndo unapaka oili yake. Sio omo na jua la saa saba. Sio oili ya injini iliyobaki kwenye kopo.

La pili, oili iwe kidogo. Ukiimwagia, ile ya ziada inavutwa na hewa inaenda kutua kwenye sensa ya hewa, inakamata vumbi, sensa inaanza kudanganya. Fundi anakuja anasoma mashine anakwambia sensa imekufa nunua nyingine, kumbe ilitaka kusafishwa tu.

Kama unaishi mjini na una nidhamu, chukua. Kama gari inaoshewa kwa kijana wa kona na kila kitu unamwachia fundi, baki na karatasi bana.

Hiyo sensa ya hewa ndo nini na kwanini kila mtu anaitaja?

Wengine wanaiita eyafloo. Kwenye WRX za kuanzia 2000 iko kwenye kipande cha paipu mara tu baada ya boksi la filta. Ndani ina kiwaya chembamba kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inakipoza, na kontroo boksi inapima umeme kiasi gani umetumika kukirudishia joto lake. Hapo inajua hewa ngapi imeingia, na inamwaga petroli kulingana na hiyo hewa.

Sasa sikiliza vizuri maana hapa ndo injini nyingi zinapofia. Ile sensa haioni hewa yote, inaona ile tu inayopita kwenye kiwaya, halafu kontroo boksi inajaza mengine kichwani ikiamini paipu ina upana uleule wa kiwandani. Ukibadilisha upana umeidanganya. Mfano paipu ilikuwa ya milimita 65 umeweka ya 70, unaona ni milimita 5 tu si kitu, lakini eneo la duara linaongezeka kama asilimia 16. Hewa ileile inapita taratibu zaidi kwenye kiwaya, sensa inaripoti pungufu, petroli inamwagwa pungufu, mchanganyiko unakuwa mkavu. Mchanganyiko mkavu pamoja na busti unaleta joto na kugonga, na kugonga kwenye EJ kunavunja pistoni pale kwenye kuta za ringi au kunamaliza beringi za konrodi.

Kuisafisha: nunua dawa ya kupuliza iliyoandikwa kabisa ni ya sensa ya hewa. Usitumie ya kabureta wala ya breki. Ichomoe, puliza, usiguse kiwaya kwa kidole wala pamba, iache ikauke kabla ya kurudisha.

Nimefunga paipu kubwa na taa ya injini haijawaka, si ina maana niko salama?

Hapana. Ukiwa unaendesha kawaida kontroo boksi inasikiliza sensa ya oksijeni kwenye eksozi na inajirekebisha, inaongeza petroli kidogo hapa na pale, kila kitu kinaonekana shwari na taa haiwaki. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, hizi Subaru zinaacha kuisikiliza hiyo sensa na kufuata ramani, yaani jedwali la kiasi cha petroli na busti lililoandikwa ndani ya kontroo boksi. Na ramani inaamini paipu ni ya kiwandani. Yaani gari inakuwa nzuri siku zote isipokuwa ule muda ambao uliinunulia hilo lidude.

Pia kumbuka gari hizi zilipangiwa petroli ya Japani ile ya daraja la juu yenye oktani karibu na 100, pampu zetu ziko chini ya hapo, kwahiyo nafasi ya kukosea ilishapungua tangu siku ya kwanza gari ilipokanyaga Dar.

Basi nataka kutyuni kabisa, yaani kubadilisha hiyo ramani, nianzie wapi?

Tafuta mtu, usitafute kifaa. Kifaa kipo: kwa Subaru kuna programu ya bure ya RomRaider ya kusoma na kuhariri ramani, kuna waya wa Tactrix wa kuunganisha laptopu na gari, na kuna Accessport ya Cobb ambayo imelenga zaidi magari ya soko la Marekani, kwahiyo kabla hujalipa hakikisha inakubali kontroo boksi ya gari yako ya Japani. Lakini ramani ya kupakua ya gari ya mtu wa Texas haijui joto la kwako, petroli ya kwako wala paipu ya kwako.

Mtu anayejua kazi utamjua kwa maswali yake. Atauliza filta gani, paipu gani, petroli ya wapi, atataka kupima kama kuna sehemu inavujisha kabla hata hajafungua laptopu, atafunga geji ya kupima mchanganyiko kwenye eksozi, halafu ataendesha na kusoma kumbukumbu za kugonga. Akikwambia njoo dakika kumi nakubadilishia ramani unaondoka na busti mpya, mshukuru na uondoke na gari yako ikiwa nzima.

Fundi amesema paipu ya kuingia kwenye tabo imepasuka. Ananidanganya?

Inawezekana kabisa anasema kweli. Kwenye EJ za tabo ile paipu inapita chini ya manifodi ya hewa, imejificha, imepikwa na joto miaka zaidi ya kumi na tano. Inapasuka sehemu usiyoiona. Nayo iko baada ya sensa, kwahiyo hewa inaingia bila kuhesabiwa, bila kuchujwa pia, vumbi linaenda moja kwa moja kwenye mabawa ya tabo yanayozunguka kasi ya ajabu.

Dalili ni sailensi (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) kupanda na kushuka, gari kusita ukianza kukanyaga, mluzi usioeleweka. Kuna uvujaji wa aina ya pili, ule wa baada ya tabo, kwenye hozi za intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo). Huo unafanya kinyume, hewa ilishahesabiwa halafu ikatoroka nje, petroli inabaki nyingi, moshi mweusi na harufu ya petroli nyuma.

Kupima ni rahisi. Unaziba mdomo wa paipu kwa kizibo chenye valvu, unaingiza hewa ya kompresa taratibu isizidi bar 1, unapita na maji ya sabuni. Povu litakuonyesha. Ukibadilisha weka ya silikoni ya kampuni inayojulikana, ila jiandae kazi ni ndefu, manifodi lazima inyanyuliwe, na ukishafungua badilisha na gasketi zake.

Na ile kitu ya kutoa pshhh?

Valvu ya kiwandani inarudisha hewa kwenye paipu ya kuingia tabo ukiachia mafuta, kwasababu hewa hiyo ilishahesabiwa. Ukiweka ya kutoa nje, kila ukibadilisha gia petroli inakuwa nyingi kwa muda, unapata pshhh na mlipuko kidogo kwenye eksozi na plagi zinazochafuka. Kwa mtu wa kuendesha kila siku haina faida. Ukishafunga filta ya wazi, hata ile ya kiwandani utaanza kuisikia vizuri, ridhika na hiyo.

Ile paipu ndefu inayoshusha filta mpaka ndani ya bampa, hewa ya baridi kabisa, si ndo bora?

Kwa joto ndiyo. Kwa Dar es Salaam mwezi wa nne, sahau.

Kila masika Jangwani inajaa, na sio Jangwani tu, kuna mitaa ya Mikocheni na Msasani maji yanafika katikati ya tairi nusu saa baada ya mvua. Filta iko sentimita chache kutoka chini, gari ya mbele yako inasukuma wimbi, filta inazama, injini inavuta maji. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni inapanda inakuta maji, kinachokubali kupinda ni konrodi. Hapo huna injini.

Ikitokea gari imezima ndani ya maji usipige starta hata mara moja, najua mkono unawasha wenyewe lakini jizuie. Isukumwe, plagi zitolewe zote nne (kwenye boksa hiyo ni kazi kidogo, ziko pembeni), filta na paipu zikaguliwe, ndo injini izungushwe bila plagi maji yatoke, na oili ibadilishwe.

Vumbi ni ishu kubwa hivyo kweli?

Ndo ishu kubwa kuliko zote na ndo inayoongelewa kidogo kuliko zote, kwasababu haina mlio. Vumbi letu lina mchanga laini, ule ni msasa. Linakwangua kuta za silinda na ringi, linamomonyoa ncha za mabawa ya tabo. Gari inaanza kula oili taratibu na mwenye gari analaumu oili.

Waulize watu wa mashindano. Safari Rally ya Kenya imekuwa ikiwafundisha timu kubwa somo hili, pale Naivasha kuna udongo laini wa volkano unaoitwa feshfesh ambao gari ikiingia inapotea ndani ya wingu, na timu zinafunga paipu za kuvutia hewa juu kabisa pembeni ya kioo, kwa ajili ya vumbi na maji. Na hapohapo niwape kitu wale wa paipu kubwa ndo nguvu kubwa: gari za mashindano ya dunia ya rali (WRC) za enzi za Impreza, ikiwemo ile ya Colin McRae iliyoshinda Safari 1997, zote zilivuta hewa kupitia tundu la milimita 34 kwasababu sheria ilitaka hivyo, na bado zilikuwa na hosipawa kama 300. Waliibana hewa wakatafuta nguvu kwingine, kwenye busti na ramani.

Kipimo cha nyumbani: toa paipu baada ya filta, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi la kahawia filta haichuji au haikai vizuri. Kitambaa kikitoka na oili kidogo ni kawaida, injini inarudisha mvuke wake humo. Vumbi ndo hapana.

Nibadilishe kila baada ya kilomita ngapi?

Ratiba ya Subaru Marekani inasema maili 30,000, kama kilomita 48,000, na inasema wazi kwenye vumbi iwe mapema. Sisi tuko kwenye hayo ya vumbi. Kwa anayekaa kwenye lami mi ningesema kati ya 10,000 na 15,000, kwa anayepita barabara ya udongo kila siku fungua uangalie kila ukimwaga oili.

Na ile tabia ya kupuliza na kompresa kila sevisi iachwe. Upepo mkali unatoboa karatasi matundu usiyoyaona, filta inaonekana safi kumbe imekuwa chandarua kilichotoboka. Tena usiwe na haraka ya kuitoa eti imebadilika rangi kidogo, filta ya karatasi yenye vumbi kiasi inachuja vizuri kuliko mpya kabisa.

Filta chafu inafanya gari ile mafuta?

Kwenye kabureta ndiyo. Kwenye gari za sindano kama hizi sio sana, maana kontroo boksi ikiona hewa imepungua na petroli inapunguza. Maabara ya Oak Ridge Marekani walipima hili 2009, wakaona filta iliyoziba haikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha kuhesabika ila gari ilichelewa kuchanganya kwa asilimia kama 6 hadi 11. Kwahiyo kama Subaru yako inakula mafuta kupita kiasi anza na sensa ya oksijeni, uvujaji na mguu wako wa kulia.

Nitaijuaje filta feki?

Boksi la karatasi halikusaidii, wanalichapisha vizuri kuliko la kweli. Shika filta yenyewe. Mpira wa pembeni uwe laini na mmoja usiokatika, mikunjo iwe imenyooka na mingi, ukiinua kwenye mwanga usione nukta za mwanga zikipenya. Halafu iweke kwenye boksi kabla hujalipa kama inawezekana, ikicheza hata kidogo irudishe. Filta ya bei rahisi inayokaa vizuri ni afadhali kuliko ya jina kubwa inayoacha upenyo wa karatasi ya daftari.

Nataka ule mlio wa Subaru, filta itanipa?

Ule mdundo wa dududu hautoki kwenye filta, unatoka kwenye eksozi, ni kwasababu mabomba ya eksozi ya EJ za zamani hayalingani urefu. Filta ya wazi itakupa sauti ya kuvuta na mluzi wa tabo. Ni tamu, sikatai. Ila STI za Japani zenye tabo ya njia mbili zina mabomba yanayolingana na hazidundi hivyo hata ufunge filta gani.

Nikienda Mbeya gari inakuwa nzito, filta kubwa itasaidia?

Haisaidii. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15 ukilinganisha na Dar, na hakuna filta inayoongeza hewa ambayo haipo. Gari isiyo na tabo inapoteza karibu kiasi hichohicho cha nguvu. Yenye tabo inajikaza, tabo inazunguka kasi zaidi kufidia, kwahiyo huko ndo uvujaji mdogo ambao Dar hukuusikia unaanza kujitokeza.

Nina Altezza / Mark X, haya yananihusu?

Vumbi, maji na joto yanakuhusu yote. Nguvu usitegemee. Injini isiyo na tabo ikishapata filta safi imefika mwisho wa faida kwa upande huo.

Bima inahusika vipi?

Ukibadilisha gari waambie kwa maandishi. Fupi tu. Siku ya ajali mkaguzi atafungua boneti.

Nina hela kidogo tu, nianze na nini?

Filta mpya ya karatasi ya ubora kwenye boksi la kiwandani lenye klipu zote. Safisha sensa ya hewa. Pima uvujaji na ziba unachokikuta. Plagi mpya. Watu wengi wakimaliza haya manne wanagundua gari waliyokuwa wanataka kuiongezea nguvu ilikuwa imepoteza ya kwake tu. Ukibaki na hela, weka pembeni ya kutyuni, paipu na madoido yaje siku hiyohiyo ya kutyuni yapangwe pamoja. Kununua paipu leo na kutyuni ukipata hela ni kuendesha miezi yote hiyo na mchanganyiko mkavu.

Nimeshafunga kila kitu, wiki ya kwanza naangalia nini?

Kaza klampu zote tena baada ya siku chache, silikoni mpya inalegea ikipata joto. Sikiliza sailensi asubuhi injini ikiwa ya baridi. Kama una kifaa cha kusoma gari, angalia joto la hewa inayoingia ukiwa foleni na ukiwa mwendo, na angalia marekebisho ya petroli, yakizidi asilimia 10 kujumlisha au kutoa kuna kitu hakiko sawa, usikanyage mwisho mpaka ukijue. Subaru za zamani za Japani zinaweza kukataa kile kifaa cha bei rahisi cha bluetooth, usidhani kimeharibika, zinataka kinachoongea lugha yao. Na boksi la zamani usimwachie fundi, libebe uende nalo nyumbani.